Uhakiki wa Ruzuku na Maradhi ya Akili Kigoma: Nani Apime, Apime Nini, na Kaya Ijiandae Vipi

Uhakiki wa kaya za walengwa wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unapotangazwa mkoani Kigoma, maswali hurudi yale yale, iwe ni mwaloni Kibirizi na Katonga, mitaani Ujiji, au katika vijiji vya pwani ya Uvinza vinavyofikiwa kwa boti. Mtu anayetembea, anayesalimia na kujibu vizuri, anaweza kuandikwa kuwa na ulemavu? Cheti cha Hospitali ya Maweni kinatosha? Mgonjwa akipata nafuu kwa dawa, jina lake litakatwa? Na fedha yenyewe ni ya mgonjwa au ni ya kaya nzima?

Majibu yanayotolewa mitaani hupingana, na wananchi hawastahili kulaumiwa kwa hilo. Mkanganyiko umetoka kwenye mifumo yenyewe. Ipo zaidi ya mmoja, kila mmoja una swali lake, lakini yote huitwa kwa jina moja la uhakiki. Juu ya hayo, maradhi ya akili yana tabia ambayo mifumo hiyo haikutengenezwa kuikabili: huja na kuondoka, hupungua kwa dawa na kurudi dawa zinapokatika, na mara nyingi hayaachi alama mwilini.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba ugonjwa wa akili haupimwi kwa hali ya mtu siku ya uhakiki. Hupimwa kwa mwaka wake mzima. Anayehakiki, anayehakikiwa na anayetunga kanuni, wote watatu wana wajibu unaotokana na ukweli huo.

Mifumo minne inayochanganywa

Wa kwanza ni Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF. Ulianza mwaka 2012, na awamu yake ya pili ilizinduliwa Februari 2020. Mlengwa wa mpango huu ni kaya. Wanakijiji au wakazi wa mtaa hukutana na kutaja kaya zilizo maskini kupita nyingine, kisha dodoso hujazwa nyumba kwa nyumba na hali ya kaya hukadiriwa kutokana na mambo kama idadi ya watu, aina ya nyumba na mali iliyopo. Awamu ya pili ilitenga pia ruzuku kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu, na kaya zenye nguvu kazi hupangiwa ajira za muda kwenye miradi ya kijiji. Uhakiki hapa unataka kujua nani amefariki, nani amehama, nani hali yake imebadilika, na nani aliingizwa kimakosa. Swali lake kuu linahusu umaskini, na ulemavu ni kipengele kimoja tu ndani yake.

Wa pili ni mafao ya ulemavu kwa waliochangia mifuko ya hifadhi ya jamii. Sekta binafsi iko chini ya NSSF. Watumishi wa umma wako chini ya PSSSF, mfuko uliozaliwa mwaka 2018 baada ya mifuko ya awali kuunganishwa. Kwa NSSF, mwanachama huhitaji kuthibitishwa na jopo la madaktari kwamba amepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato. Aidha, awe amechangia miezi 180, au angalau miezi 36 ambayo 12 kati yake ni ile iliyotangulia moja kwa moja kupata ulemavu. Hapa swali si umaskini tena. Linaloulizwa ni uwezo wa kazi na rekodi ya michango.

Wa tatu ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Huu hulipia madhara yaliyosababishwa na kazi. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Anayedai kwa sababu ya ugonjwa wa akili hubeba mzigo wa ziada, kwani hutakiwa kuonyesha kwamba kazi ndiyo chanzo cha ugonjwa.

Wa nne ni sehemu ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 2 kati ya zile 10, inayotengwa kuwakopesha watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Huu ni mkopo. Hurudishwa, kwa hiyo anayeuomba hupimwa kwa uwezo wa kuendesha shughuli, kinyume kabisa na mifumo mitatu iliyotangulia.

Mtu mmoja anaweza kupita kwenye milango miwili kati ya hii, na kila mlango ukamtaka athibitishe jambo tofauti. Familia isiyojua imeitwa na mlango upi hujiandaa kwa swali lisilo lake. Hubeba cheti cha daktari pale panapotazamwa bati na godoro, au hueleza umaskini pale panapotakiwa historia ya kazi.

Sheria inasema hivi, dodoso linauliza vile

Kisheria, mgonjwa wa akili hakusahauliwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inautambua upungufu wa kiakili sambamba na wa mwili na wa hisi kama kusikia na kuona. Inakwenda mbali zaidi, kwani inauhusisha ulemavu na vikwazo vya mtazamo, mazingira na taasisi vinavyombana mtu. Mwaka mmoja kabla, Tanzania ilikuwa imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 nayo inahusu matibabu ya wagonjwa hawa na usimamizi wa mali zao.

Pengo liko kwenye zana za kupimia. Maswali yanayotumika zaidi duniani kuhesabu watu wenye ulemavu ni yale sita ya Kundi la Washington, lililoundwa mwaka 2001: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kuzingatia jambo, kujihudumia, na kuwasiliana. Utafiti wa watu wenye ulemavu wa mwaka 2008 nchini Tanzania ulifuata mtindo huo, na sensa zilizofuata zikashika njia hiyo hiyo. Sensa ya 2022 iliwapata watu wenye aina fulani ya ulemavu kuwa asilimia 11.2 ya wenye umri wa miaka 7 na zaidi.

Maswali hayo yana sifa kubwa, kwa sababu huuliza mtu anaweza kufanya nini badala ya kumtaka ataje ugonjwa wake, na hivyo hupunguza aibu ya kujibu. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo sita linalogusa hofu, sonona, sauti asizosikia mwingine, au vipindi vya kupanda na kushuka kwa hisia. Maswali ya wasiwasi na sonona yamo kwenye orodha ndefu zaidi ya kundi hilo hilo, ambayo hutumika mara chache. Mwenye skizofrenia anayeona, anayesikia na anayetembea anaweza kujibu "sina shida" mara tano kati ya sita, akawa amesema kweli mara zote tano, na bado asiweze kushika kazi yoyote kwa mwezi mzima.

Kwa nini ugonjwa hupotea machoni pa mhakiki

Sababu ya kwanza ni mwenendo wa ugonjwa wenyewe. Kumpima mgonjwa wa akili kwa siku moja ni sawa na kulipima Ziwa Tanganyika kwa asubuhi moja tulivu na kusahau upepo wa kusi. Mhakiki huondoka na picha sahihi ya siku ile, lakini picha ya uongo ya mwaka.

Sababu ya pili ni dawa. Mgonjwa anayemeza haloperidoli au klopromazini, au anayechomwa sindano ya kila mwezi, huweza kukaa mbele ya kamati akiwa ametulia kabisa. Utulivu huo una gharama zake: usingizi mzito, mikono kutetemeka, mwili kukakamaa, akili kuchelewa. Kwa mwambao huu, gharama hizo hugusa moja kwa moja kazi inayolisha kaya. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mtu aliyelemewa na usingizi wa dawa hawezi kupanda chomboni saa moja jioni na kurudi alfajiri. Kukesha kwenyewe kunaweza kumwamshia ugonjwa mwenye bipola, na kunaweza kumletea degedege mwenye kifafa, ugonjwa ambao katika vituo vyetu vingi hutibiwa kliniki moja na maradhi ya akili. Mwenye kifafa akianguka kwenye mtumbwi katikati ya ziwa, anaweza kufa maji. Miguu na mikono yake ni mizima, lakini ziwa limefungwa kwake.

Sababu ya tatu ni aibu. Kaya hujizoeza kuficha. Mama humfungia mwanawe ndani mgeni anapokuja, au humwambia mjaza dodoso kwamba kijana "hajambo siku hizi", kwa sababu kukiri hadharani huweza kuharibu posa ya dada yake au kuwapa majirani la kusema kuhusu uchawi na laana. Baadaye, jibu hilo la kujisitiri ndilo linalobaki kwenye kumbukumbu rasmi.

Sababu ya nne ni umbali. Huduma za kibingwa za mkoa ziko Maweni, mjini Kigoma. Anayehitaji zaidi ya hapo hupelekwa hospitali ya afya ya akili ya Mirembe, Dodoma, mwendo wa reli ya kati kupitia Tabora. Kwa kaya ya Kagunga karibu na mpaka wa Burundi, au ya Kalya kusini kabisa, kliniki ya kila mwezi maana yake ni nauli ya boti, siku za kusubiri na mtu wa kumsindikiza mgonjwa. Hivyo mwenye ugonjwa mkali na umaskini mkubwa ndiye mwenye karatasi chache kuliko wote. Hajafika hospitalini mara nyingi, na rekodi yake inamfanya aonekane mwenye afya.

Msimamo wa kwanza: daktari aamue

Kuhusu nani apime na apime vipi, misimamo ni minne. Wanaotetea wa kwanza wanasema ulemavu ni jambo la kitaalamu, na kuwaachia wanakijiji ni kukaribisha upendeleo. Wana hoja. Cheti cha daktari humkinga mgonjwa dhidi ya mwenyekiti asiyempenda na dhidi ya jirani anayedai "anajifanya". Humkinga pia mlipakodi. Mpango wenyewe wa TASAF umewahi kukumbwa na kashfa ya kaya hewa, iliyotajwa waziwazi wakati wa kuzindua awamu ya pili. Kwa mafao ya NSSF na PSSSF, ambapo fedha ni nyingi na hulipwa kwa muda mrefu, ni vigumu kufikiria mfumo usio na jopo la madaktari.

Udhaifu ni wa aina mbili. Kwanza, madaktari wa akili ni haba. Tanzania haijafikia hata mmoja kwa kila watu laki moja, na walio wengi hufanya kazi katika miji mikubwa. Kumtaka kila mlengwa wa mwambaoni alete cheti cha bingwa ni kufanya nauli iwe kigezo cha ulemavu. Pili, jina la ugonjwa halisemi mtu anaweza nini. Wawili wenye sonona wanaweza kuwa mmoja anafundisha shule na mwingine hainuki kitandani. Cheti kinachosema tu "mgonjwa wa akili" hakimsaidii mhakiki kutofautisha, na kinaweza kumdhuru mgonjwa kwa kumbandika alama bila kumpatia haki.

Kenya inatoa funzo la upande wa pili wa tatizo hili. Ruzuku yake kwa watu wenye ulemavu mkubwa, iliyoanza mwaka 2011, iliwalenga wale wanaohitaji mtu wa kuwatunza muda wote. Kigezo hicho ni rahisi kukielewa na kukisimamia, lakini kinamwacha nje mgonjwa wa akili ambaye wiki sita anahitaji uangalizi usiku na mchana, na wiki nyingine sita anachota maji mwenyewe.

Msimamo wa pili: jamii ndiyo inayojua

Msimamo huu unasema mkutano wa kijiji unajua kuliko hospitali. Majirani ndio waliomwona mgonjwa akitembea usiku, ndio waliosaidia kumtafuta, ndio wanaojua kwamba mtumbwi wa baba yake uliuzwa kulipia matibabu. Wana kumbukumbu ya mwaka mzima, kile hasa ambacho daktari wa siku moja hana. Njia hii pia ni nafuu na hufika kila kijiji.

Lakini ujuzi wa jamii huandamana na hukumu yake. Kijiji humkubali haraka aliyezaliwa kipofu, kisha kikasita kwa kijana aliyeugua baada ya kuvuta bangi, kikisema amejitakia. Mama mwenye sonona baada ya kujifungua huitwa mvivu. Tena mkutano wa hadhara hauna siri. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti na zinahitaji ulinzi wa pekee, na kumtaka mtu aeleze ugonjwa wake wa akili mbele ya kijiji kizima ni kumfanya anunue ruzuku kwa heshima yake. Kaya nyingi zitachagua heshima na kukosa ruzuku, na hakuna atakayezihesabu.

Kuna pia hatari ya ajira za muda. Macho ya kijiji yakiona kijana mwenye kifua kipana, humwandika kuwa nguvu kazi. Akishindwa kufika kuchimba mtaro kwa sababu ugonjwa umepanda, kaya hukosa ujira, na kushindwa kwake huhesabiwa kuwa utoro.

Msimamo wa tatu: pima utendaji

Watetezi wa msimamo huu wanataka tuache kuuliza "unaumwa nini" na tuulize "unaweza nini, mara ngapi, kwa msaada wa nani". Shirika la Afya Duniani lina zana ya namna hii, WHODAS 2.0, yenye toleo fupi la maswali 12 na refu la maswali 36. Inagusa kuelewa mambo, kutembea, kujihudumia, kuishi na watu, kazi za nyumbani na za kipato, na kushiriki katika jamii. Haihitaji bingwa. Mhudumu aliyefundishwa anaweza kuitumia zahanati. Ndiyo njia inayokaribiana zaidi na roho ya sheria yetu ya 2010.

Nayo ina mipaka yake. Huangalia siku 30 zilizopita, na kwa ugonjwa wa vipindi siku 30 zinaweza kuangukia kwenye utulivu mtupu. Hutegemea maelezo ya mtu mwenyewe, wakati baadhi ya magonjwa humfanya mgonjwa aamini kwamba hana tatizo lolote. Pia hutegemea namna alama zinavyotafsiriwa kuwa haki. Uingereza ilianzisha mfumo wa aina hii mwaka 2013 kwa malipo yaitwayo PIP, yanayotolewa kwa alama za utendaji. Mwaka 2017 serikali yake ilibadilisha kanuni, na wanaoshindwa kusafiri kwa sababu ya msongo wa akili wakapewa alama chache kuliko wanaoshindwa kwa sababu nyingine. Desemba mwaka huo Mahakama Kuu ilitamka kuwa huo ni ubaguzi, na Januari 2018 serikali ikaacha kukata rufaa, ikaahidi kupitia upya maombi yapatayo milioni 1.6. Maswali mazuri peke yake hayatoshi, kwa sababu ubaguzi unaweza kuingia kwenye hesabu ya alama.

Msimamo wa nne: punguzeni uhakiki wenyewe

Wa mwisho wanasema tatizo ni kupima mara kwa mara. Wanatoa mfano wa Zanzibar, ambako pensheni jamii iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi ililipwa kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi aliyetimiza masharti ya ukaazi, bila kumpima umaskini wala afya. Hakuna aibu na hakuna dodoso la mali, na nafasi ya upendeleo ni ndogo.

Mfano huo unavutia, lakini umri hauendi mbele na kurudi nyuma kama ugonjwa. Afrika Kusini ilichagua njia ya kati. Ruzuku yake ya ulemavu ni ya kudumu kwa hali isiyotarajiwa kubadilika, na ya muda, kati ya miezi sita na kumi na miwili, kwa hali inayoweza kubadilika. Wagonjwa wengi wa akili huangukia kundi la pili, na ruzuku ya muda ikiisha hulazimika kuomba upya. Kinachoonekana kama tahadhari ya hazina huwa ni mzunguko wa hofu kwa mtu ambaye hofu yenyewe ni sehemu ya ugonjwa wake.

Kupima uzito wa kila hoja

Mfumo wowote utakosea. Utamlipa asiyestahili, au utamkosa anayestahili. Swali la haki ni lipi kati ya makosa hayo linaumiza zaidi.

Asiyestahili akiingia, fedha ya umma hupotea na imani ya wananchi hupungua, na hilo ni jambo zito. Anayestahili akitolewa, madhara hufuatana kama ifuatavyo. Ruzuku ndiyo iliyokuwa nauli ya kliniki. Nauli ikikatika, dawa hukatika. Dawa zikikatika, ugonjwa hurudi. Ugonjwa ukirudi, mtunzaji, mara nyingi mama au dada, huacha biashara yake ya kuanika dagaa ili kumlinda mgonjwa, na kaya iliyokuwa inajikongoja huanguka. Ndiyo maana kumkata mtu kwa sababu "amepata nafuu" kunaweza kuwa ndiko kunakoiondoa nafuu hiyo. Kipato cha mwambao huu chenyewe kinayumba. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaane, kaya zenye watu wazima wanne wenye afya zilitikisika, sembuse ile yenye mtunzaji mmoja na mgonjwa mmoja.

Kwa hiyo mizani inaelemea kwenye mgawanyo wa kazi kati ya misimamo hii. Daktari athibitishe ugonjwa mara moja, na pale bingwa hayupo, mtoa tiba aliyefundishwa wa kituo cha afya akubalike. Afisa ustawi wa jamii au mhudumu wa afya ngazi ya jamii aeleze utendaji kwa kutazama miezi kumi na miwili. Mkutano wa kijiji uthibitishe hali ya kipato cha kaya na usiulizwe habari ya ugonjwa. Muda wa uhakiki ufuate asili ya ugonjwa, na nafuu inayotegemea dawa isihesabiwe kuwa kupona. Pale mtu anapokuwa amerudi kazini kweli, ruzuku ipungue kwa hatua badala ya kukatwa ghafla, na mlango wa kurudi ubaki wazi.

Mpangilio huu una gharama. Unahitaji maafisa ustawi wa jamii wa kutosha, mafunzo, na daftari la kliniki linalozungumza na daftari la kijiji bila kuvujisha siri. Utawachelewesha baadhi ya waombaji. Lakini ni gharama inayojulikana na inayoweza kupangiwa bajeti. Gharama ya mgonjwa anayerudi Mirembe kila mwaka haiandikwi popote, ila kaya yake huilipa.

Kaya ijiandae vipi

Kanuni zikisubiriwa zibadilike, uhakiki hausubiri. Kuna mambo kaya inaweza kuyafanya sasa.

La kwanza ni kuujua mlango. Ulizeni kwa mtendaji wa kijiji au mtaa: huu ni uhakiki wa TASAF, ni jopo la mfuko wa pensheni, au ni usajili wa watu wenye ulemavu? Unafanyika lini, wapi, na nani anatakiwa kuwepo?

La pili ni karatasi. Kusanyeni daftari la kliniki, kadi za dawa, barua za rufaa na fomu za kuruhusiwa kutoka hospitalini. Toeni nakala, na halisi zitieni kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, hasa kwa wanaosafiri kwa boti. Barua ya kliniki iombwe mapema. Barua nzuri hueleza ugonjwa ulianza lini, umerudi mara ngapi, dawa gani zinatumika na zinaleta madhara gani, na ni shughuli zipi mgonjwa hawezi au hatakiwi kuzifanya.

La tatu ni daftari la nyumbani. Kwa muda wa miezi kadhaa, andikeni tarehe na mambo machache: usiku asiolala, siku aliyoshindwa kuoga au kula, kazi aliyoiacha, aliyemsindikiza, kilichouzwa. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wa shule. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayogeuza "huwa anazidiwa" kuwa ushahidi, na kwa jopo la pensheni huonyesha lini hasa uwezo wa kazi ulipotea.

La nne ni ukweli kamili. Msiongeze chumvi, na msifiche kwa aibu. Akiulizwa kama anaweza kupika, mgonjwa aseme: naweza nikiwa mzima, lakini wiki fulani nilisahau moto ukawaka. Mtunzaji awepo, kwa ridhaa ya mgonjwa, naye amwache azungumze kwanza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa unamhakikishia kutambuliwa kama mtu kamili mbele ya sheria, na kuugua hakumnyang'anyi sauti yake. Mkihitaji faragha, ombeni mahojiano yafanyike nyumbani au kando ya mkutano.

La tano ni onyo: dawa zisiachwe. Iko imani hatari kwamba mgonjwa akifika akiwa amezidiwa ataaminika zaidi. Kuacha dawa kunaweza kumrudisha nyuma kwa miezi au kugharimu maisha, na kwa mwenye kifafa kunaweza kuleta degedege lisilokatika. Daftari na barua vipo ili mgonjwa asilazimike kuuonyesha ugonjwa kwa mwili wake.

La sita ni baada ya uhakiki. Ulizeni matokeo yatatolewa lini na kwa njia gani. Jina likikatwa, pelekeni malalamiko kwa kamati ya mpango kijijini, kisha kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri, na muweke kumbukumbu ya tarehe. Kamati za watu wenye ulemavu zilizowekwa na sheria ya 2010, na vyama vilivyo chini ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, vinaweza kusimama pamoja na kaya isiyojiweza.

Kwa muhtasari

Mifumo ni minne, na kila mmoja una swali lake: umaskini wa kaya, uwezo wa kazi na michango, madhara ya kazi, au uwezo wa kukopa. Sheria ya Tanzania inamtambua mgonjwa wa akili, ila zana za kupimia bado zinamkosa kwa sababu zinatazama mwili na siku moja. Daktari ana utaalamu lakini yuko mbali. Jamii iko karibu lakini haina siri, na huhukumu. Maswali ya utendaji yanakaribia ukweli yakitazama muda wa kutosha. Kufuta uhakiki kabisa kunafaa kwa umri kuliko kwa ugonjwa unaobadilika. Njia yenye haki ni kuugawa upimaji kwa wenye ujuzi husika, kurefusha kipindi kinachotazamwa hadi mwaka, na kuacha kuihesabu nafuu ya dawa kuwa sababu ya kumkata mtu. Mamlaka zinaweza kuanza na hilo la mwisho, kwani halihitaji sheria mpya. Linahitaji waraka wa maelekezo kwa wahakiki, na nia ya kuusimamia.